Mikumi, Saadani au Nyerere: unatoka Dar, uende wapi?

Kila ikikaribia Sabasaba, kundi letu la WhatsApp la familia huanza kuchemka. Safari hii aliyelianzisha ni shemeji yangu. Aliandika saa tano usiku: "Shem, watoto wanataka tembo. Mikumi, Saadani au ile ya Nyerere? Nipe jibu moja tu, usinihutubie."

Jibu moja sikuwa nalo. Nikamrudishia maswali matatu: una gari gani, una siku ngapi, na je, bibi yao anakwenda? Alikaa kimya mpaka asubuhi, akidhani namzungusha. Sikuwa namzungusha. Nimelala katika hifadhi zote tatu, na nilichojifunza ni kwamba kwa mtu anayetoka Dar na gari lake, barabara huamua mengi kuliko wanyama. Tembo wapo kote. Kufika walipo ukiwa bado unawapenda uliosafiri nao, hapo ndipo hifadhi hizi zinapoachana.

Kuna atakayeuliza mbona sijaitaja Ruaha. Naipenda Ruaha kuliko zote, lakini ni zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar. Hiyo ni safari ya likizo nzima. Hapa nazungumzia mtu mwenye siku mbili, tatu, au nne akizidisha.

Barabara

Mikumi iko kilomita 283 kutoka Dar na lami ni mwanzo hadi mwisho. Kwa hesabu ya karatasi ni saa nne. Kwa hesabu ya malori ya Zambia na Kongo, foleni ya Kibaha, mizani, vibao vya hamsini kila penye kijiji na askari wa tochi nyuma ya mwembe, ni saa sita. Ukiondoka saa kumi alfajiri utakunywa chai Morogoro na kuingia hifadhini kabla jua halijawa kali. Ukiondoka saa mbili asubuhi "baada ya kupata kifungua kinywa vizuri", utafika wanyama wamekwishalala chini ya miti, na wewe una hamu ya kulala kuliko wao.

Tangu katikati ya 2024 kuna njia nyingine: treni ya SGR hadi Morogoro, chini ya saa mbili, kisha gari la kukodi kutoka pale. Kwa mtu asiyependa kuendesha barabara ile, au mwenye wazazi wenye magoti mabovu, hii imebadilisha hesabu yote. Wengi bado hawajaizoea, wanadhani SGR ni ya kwenda Dodoma tu.

Kitu cha ajabu kuhusu Mikumi ni kwamba barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inaipasua hifadhi kwa kilomita zipatazo 50. Watanzania wengi tembo wao wa kwanza walimwona hapo, kupitia dirisha la basi, bila kulipa hata senti. Mimi nilikuwa darasa la nne, tunakwenda msibani Mafinga, na basi zima liliinuka upande mmoja. Faida hiyo ina gharama yake: wanyama hugongwa. Ndiyo maana utakuta matuta, vibao vya kupunguza mwendo, na bango linaloorodhesha faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Lisome hilo bango polepole. Bei ya twiga itakufanya uondoe mguu kwenye mafuta bila kuambiwa.

Saadani kwenye ramani ndiyo ya karibu kuliko zote. Iko pwani, kaskazini ya Bagamoyo, kabla ya Pangani. Ukaribu huo huwapoteza wengi. Njia ni mbili: kupitia Bagamoyo na Makurunge, au kuzunguka Chalinze, upande wa barabara ya Tanga hadi Mandera, kisha Miono. Barabara ya pwani kutoka Bagamoyo hadi Tanga kupitia Pangani, kilomita 256, imo katika kuwekwa lami kipande kwa kipande, kwa hiyo aliyekwenda mwaka juzi na atakayekwenda mwakani watakusimulia safari mbili tofauti. Kiangazi, gari dogo lililo imara linafika likiendeshwa kwa adabu. Masika, usijaribu.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilijaribu. Aprili moja, nikiwa na gari la kuazima na kujiamini kwingi, niliingia kwenye uwanda mweusi ndani ya hifadhi nikaona majani mazuri ya kijani, nikadhani chini kuna ardhi. Hapo nikaelewa maana halisi ya neno "mbuga". Sisi siku hizi tunaita mbuga popote penye wanyama, ilhali wazee walimaanisha uwanda wa majani, na nyanda nyingi za namna hiyo zina udongo mzito mweusi unaofyonza maji mpaka unakuwa kama ugali usioiva. Tulikaa pale saa tano. Nyati walikuja kututazama. Waliotutoa walikuwa na trekta na walicheka wazi, na sikuwalaumu.

Nyerere ni jambo jingine kabisa. Unatoka Mbagala, Mkuranga, Kibiti, mpaka hapo lami na hakuna taabu. Kibiti unakunja kulia kuelekea Mloka, na ndipo safari inapoanza. Ni vumbi, makorongo, mchanga, na vijiji vinavyozidi kuachana. Lango la Mtemere liko mbele kidogo ya Mloka. Kutoka Dar panga saa sita mpaka nane, kwa gari lililoinuka na lenye kuvuta magurudumu manne. IST, kile kigari kidogo cha Toyota, hapana. Najua yuko rafiki yako aliyefika na IST. Muulize pia ilirudije.

Njia ya pili ya Nyerere ni kupitia Morogoro, Matombo na Kisaki hadi lango la Matambwe. Milima ya Uluguru upande mmoja, kona zisizokwisha, na mandhari ambayo dereva hataiona kwa sababu macho yake yako barabarani. Reli ya TAZARA nayo hupita kaskazini mwa hifadhi, na abiria wake mara nyingi huona twiga kabla ya kufika Kisaki, ingawa ratiba ya treni hiyo inahitaji mtu asiye na haraka ya maisha. Mwenye fedha hupanda ndege ndogo kutoka Dar, dakika zisizofika sitini, akashuka kwenye uwanja wa majani. Huyo hahitaji ushauri wangu.

Wanyama: nani anatoa nini

Niseme wazi: kwa saa moja ya kuzunguka, Mikumi inalipa kuliko zote tatu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na sehemu kubwa ya utalii inafanyika kwenye uwanda wa Mkata, kaskazini ya barabara kuu. Pale ni wazi. Macho yanafika mbali. Pundamilia, nyumbu, swala pala, nyati, twiga na tembo unaweza kuwaona ndani ya saa mbili za kwanza bila kuwa na mwongozaji hodari. Kilomita chache kutoka lango kuu yapo mabwawa ya viboko ambapo watu huruhusiwa kushuka garini, na kwa watoto hapo ndipo kilele cha safari, kwa sababu kiboko hupumua, hunya, hupiga mayowe na kufanya mambo yote ambayo mtoto wa miaka saba huona ni ucheshi wa hali ya juu.

Simba wapo Mikumi, na wana tabia ya kupanda miti mara mojamoja, lakini usimwahidi mtoto simba. Mwahidi twiga. Twiga hawajawahi kuniangusha pale. Kama una subira, tazama pembezoni mwa uwanda kuelekea miombo: pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, na huko vilimani tandala mkubwa na palahala. Mbwa mwitu hupita, ila kuwaona ni bahati. Nyani wa manjano hawahitaji bahati, wanahitaji vioo vilivyofungwa.

Jina lenyewe la Mikumi linatokana na mivumo, ile mitende mirefu yenye tumbo katikati ya shina. Ukiingia jioni, jua likiwa nyuma ya mivumo na vumbi la nyati limepanda, utasamehe malori yote.

Saadani hutoa wanyama kwa mkono wa birika. Iliwahi kuwa pori la akiba kwa miaka mingi, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikijumlisha na eneo lililokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Wanyama wake bado wana aibu, vichaka ni vizito, na ukubwa wake, kama kilomita za mraba 1,100 hivi, hauruhusu makundi makubwa ya kujaza picha. Utaona twiga, ngiri, kuro, tohe na kongoni. Tembo wapo, lakini siku nyingine utaona kinyesi chao tu na miti waliyoivunja usiku. Simba nimemsikia Saadani mara mbili, sijamwona hata mara moja.

Kwa hiyo nani aende Saadani? Yule ambaye wanyama wakikosekana hatanuna. Ni hifadhi pekee Tanzania ambapo nyika inagusa Bahari ya Hindi moja kwa moja, na hilo lina ladha ambayo Mikumi haiwezi kuiga. Asubuhi unatafuta twiga, mchana unakula kamba wa kukaanga ukisikia mawimbi, jioni unaingia mto Wami kwa boti. Katika ufukwe wa Madete kasa wa kijani hupanda kutaga mayai, na ukibahatika ukakuta watoto wao wanakimbilia majini, tembo utamsahau kwa wiki nzima.

Halafu kuna Nyerere. Kilomita za mraba 30,893. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya Serengeti, na ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda au Burundi. Ilimegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous na kupewa jina la Baba wa Taifa, na sehemu iliyobaki bado inaitwa Selous. Wageni wengi wa magari wanaona kipande kidogo tu cha kaskazini-mashariki, kule kwenye maziwa ya Manze, Nzerakera, Siwandu na Tagalala. Kipande hicho kidogo kinatosha kukumaliza siku tatu.

Maziwa haya yanatokana na mto Rufiji, na maji ndiyo siri ya Nyerere. Kuanzia Julai nyika inapokauka, kila mwenye kiu hushuka ziwani: tembo kwa familia, nyati kwa mamia, twiga wakipanua miguu ili wafikie maji. Simba hawana haja ya kutembea sana, hukaa kivulini wakisubiri chakula kije chenyewe. Na mbwa mwitu! Eneo hili la Selous na Nyerere ni miongoni mwa ngome kubwa za mbwa mwitu zilizobaki Afrika. Mikumi niliwatafuta miaka. Nyerere niliwakuta wamelala barabarani, masikio kama majani ya mgomba mchanga, wakitutazama kana kwamba sisi ndio tuliopotea.

Kuna jambo waongozaji wa Nyerere hupenda kulisema, na ni kweli: twiga utawaona kaskazini ya Rufiji tu. Kusini mwa mto hawapo. Mto ni mpana, na twiga si mwogeleaji.

Usiende ukidhani utakuta Selous ya hadithi za babu, lakini. Katika miaka ya 1970 tembo wa mfumo huu walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Sensa ya 2013 ilipata 13,000 hivi. Ujangili uliwamaliza, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tembo wengine wenye umri mkubwa bado wana hofu ya gari, hasa majike wanaoongoza makundi. Akitikisa masikio na kuinua mkonga, zima muziki, rudi nyuma taratibu. Huyo anakumbuka.

Majini

Hapa Mikumi inatoka mchezoni. Haina mto wa kuendea kwa boti wala bahari. Ina mabwawa, basi.

Kati ya Wami na Rufiji, watu hubishana. Boti ya Wami ni safari fupi, mto mwembamba, mikoko karibu na mdomo wake, viboko, mamba, ndege wengi, mbega juu ya miti. Ni safari ya kupumzika, na mtoto haichoki. Rufiji ni mkubwa, wa kahawia, wenye visiwa vya mchanga vinavyohama kila mwaka, na nahodha husoma maji kama mtu anayesoma gazeti. Viboko huibuka mita chache kutoka ubavuni. Furukombe hulia. Mivumo iliyokufa imesimama katikati ya ziwa kama nguzo za nyumba iliyobomoka. Ukiniuliza mimi, saa mbili za jioni ndani ya Rufiji zina thamani kuliko siku nzima ya kuzunguka kwa gari popote pale.

Wengine watauliza kuhusu bwawa la umeme, lile la megawati 2,115. Liko ndani ya Hifadhi ya Nyerere, kwenye korongo la Stiegler, juu ya maziwa niliyoyataja. Mgeni wa kawaida wa Mtemere halioni.

Na kuhusu kuogelea: Saadani unaogelea baharini, si mtoni, na baharini penyewe usitegemee maji ya bluu ya Nungwi. Wami unamwaga tope lake pale, kwa hiyo maji mara nyingi yana rangi ya chai ya maziwa. Ufukwe ni mrefu na mtupu, na hilo kwangu linatosha. Mke wangu alitazama yale maji akasema amekuja kuangalia twiga.

Kulala, kula, na mfuko

Mikumi ni rahisi kwa mwenye mfuko wa kawaida. Ndani ya hifadhi zipo nyumba za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na nje, mjini Mikumi, zipo nyumba za wageni za kila bei, kwa sababu mji wenyewe umejengwa na madereva wa malori. Nyama choma hupatikana hadi usiku wa manane. Kelele za breki nazo ni hadi usiku wa manane, kwa hiyo omba chumba cha nyuma.

Saadani ina nyumba za TANAPA karibu na bahari na maeneo ya kupiga hema, pamoja na hoteli kadhaa za ufukweni ambazo bei zake ziliwekwa kwa kumfikiria mgeni wa Zanzibar anayevuka kwa boti. Kijiji cha Saadani kipo hapohapo, cha wavuvi na chumvi, na ni kijiji chenye historia. Kilikuwa bandari ya misafara, na mtawala wake Bwana Heri alipigana na Wajerumani katika vita vya 1888 na 1889, wakati Abushiri akipigana Pangani na Bagamoyo. Ukipita sokoni kununua samaki, kumbuka kwamba siku moja mizinga ya meli ilielekezwa hapo. Mtu asiyejali historia anunue kamba tu. Ni watamu vya kutosha.

Nyerere ina pande mbili zisizoonana. Ndani kuna kambi za kifahari ambazo usiku mmoja unaweza kulingana na ada ya muhula wa shule ya kulipia. Nje ya lango, Mloka, zipo kambi za wastani na nyumba za wageni, na upo uwanja wa kupiga hema karibu na Mtemere. Chakula, maji na dawa beba kutoka mjini. Mafuta jaza Kibiti. Na beba nguo za rangi ya khaki au kijani, kwa sababu mbung'o wa Nyerere wanapenda bluu na nyeusi kuliko mshabiki yeyote wa mpira. Mikumi pia wapo, kwenye miombo, ila si kwa ukali huo.

Viingilio: raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na ni kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni wa nje. Mkenya au Mganda anayesoma hapa naye yumo kwenye bei hiyo hiyo, mradi awe na kitambulisho. Watoto chini ya miaka mitano hawalipiwi. Gari hulipiwa kivyake. Langoni fedha taslimu hazipokelewi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au kadi, kwa hiyo hakikisha salio liko kwenye simu kabla hujaingia mahali mtandao unaposuasua. Viwango hubadilika, na vipya viko kwenye tovuti ya TANAPA. Ila kwa familia ya kawaida kiingilio ndicho kitu cha bei nafuu zaidi katika safari nzima. Mafuta, malazi na kukodi gari ndivyo vinavyokula.

Kwa jumla ya gharama: Mikumi ni nafuu, Saadani iko katikati, Nyerere ni ghali hata ukibana. Boti ya Rufiji peke yake huongeza bili, na ukifika bila kupanda boti umefanya kosa kubwa kuliko kutokwenda.

Majira

Juni hadi Oktoba kwa zote tatu. Ndiyo maana Sabasaba na Nanenane ni sikukuu ambazo Mungu ameziweka mahali pake. Nyasi zimelala, maji yamepungua, wanyama wamekusanyika.

Masika, Machi hadi Mei, Mikumi hupitika ingawa nyasi ndefu huficha wanyama na baadhi ya njia za ndani hufungwa. Saadani nimekwisha kukusimulia. Nyerere, kambi nyingi hufunga Aprili na Mei, na mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024, yaliyowatoa watu majumbani Kibiti na Rufiji, yaliwakumbusha wote kwamba mto ule una hasira. Vuli, Novemba na Desemba, ni wakati ninaoupenda kwa siri: mvua fupi, majani mapya, swala pala wana watoto, na watalii wachache. Ila mwezi wa Desemba karo na sikukuu vimekaa mlangoni, basi hilo ni pendo la mtu asiye na watoto.

Shemeji, mjomba, na wale wawili

Katika kundi letu wapo watu wa aina tatu, na nimewapa majibu matatu.

Shemeji ana Noah, watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi, na siku tatu. Bibi anakwenda. Nimemwambia Mikumi, bila kusita. Usiku mmoja Morogoro ili bibi apumzike, alfajiri waingie hifadhini na mwongozaji wa pale pale langoni, mabwawa ya viboko kabla ya saa nne, walale Mikumi mjini, wazunguke tena asubuhi, warudi. Kama angeongeza siku ya nne, ningemsukuma hadi Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, wapande kwenda maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170. Ni kupanda mlima, bibi abaki chini na mhogo wa kuchoma.

Mdogo wangu wa mwisho ameoa mwaka huu, wana gari dogo, na wanachotaka ni kuwa wawili mahali pazuri. Saadani, Julai. Wasihesabu wanyama. Wakiona twiga amesimama na bahari nyuma yake wapige picha wanyamaze.

Mjomba amestaafu. Ana muda, ana Prado ya zamani anayoipenda kuliko sisi, na tangu utoto amekuwa akisoma juu ya Selous. Anajua kwamba Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyelipa pori jina lake, aliuawa vitani Januari 1917 na kuzikwa Beho Beho, ndani ya kile ambacho leo ni Hifadhi ya Nyerere. Anataka kuliona kaburi. Huyu nimemwambia Nyerere, siku nne, asiende peke yake, na asikose boti. Akaniuliza kama nitamsindikiza. Nikasema nitaendesha mimi kuanzia Kibiti, kwa sababu macho yake si ya zamani. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nisiguse redio.

Shemeji alisoma majibu yote matatu, akaandika: "Kwa hiyo Mikumi. Si ungesema tu?" Kisha baada ya dakika kumi akauliza kama mjomba ana nafasi moja kwenye Prado.